Kila boti ya mgeni iwe na mwenyeji wake: barua ya wazi kwa wanaosimamia bahari ya Lamu

Kwa Serikali ya Kaunti ya Lamu, Shirika la Wanyamapori (KWS), Mamlaka ya Bahari ya Kenya, Kikosi cha Walinzi wa Pwani, Idara ya Uhamiaji na ofisi ya Kamishna wa Kaunti.

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, mimi ni nahodha wa mashua ya abiria na mizigo baina ya Amu, yaani mji wa Lamu, na bandari za visiwa vya mashariki: Mtangawanda, Faza, Kizingitini, Ndau, na mara nyingine hadi Kiwayu. Nimezaliwa huku na riziki yangu iko huku. Nawaandikia kuhusu boti za matanga za wageni, zile yoti zinazotoka Shelisheli, Madagaska, Zanzibar na Kilifi zikiwa na watu wawili watatu ndani yake, mara nyingi mume na mke waliostaafu, na nyumba yao ni hiyo hiyo boti.

Wengi wao huishia Shela, kijiji cha jirani na Amu. Wanatia nanga upande wa Ras Kitau, wanashuka kunywa juisi na kutembea Amu, kisha wanageuza. Ila wapo wasioishia hapo. Wanapita nje ya Manda, wanaizunguka Pate, na jua likikaribia kuchwa unaona mlingoti mrefu umesimama mbele ya kijiji chenye msikiti, shule ya msingi na duka moja la mchele na sukari. Hakuna aliyeambiwa kwamba watakuja, na hakuna anayejua ni nani wa kuwapokea. Basi anayewahi kufika na mtumbwi wake ndiye anayekuwa msemaji wa kijiji kizima, awe mzee mwenye busara au kijana aliyetoroka darasani.

Ninachoomba ni hiki. Kila boti ya mgeni inayotia nanga mbele ya kijiji chetu iwe na mwenyeji anayejulikana, aliyechaguliwa na wanakijiji, mwenye kitambulisho kutoka kwenu na kitabu cha risiti mkononi, na mambo yakiharibika awe ndiye wa kuulizwa. Mengine yote nitakayoyataja yanatoka hapo.

Wala si jambo geni pwani hii. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta vijana wakitoka na vyombo vidogo kuilaki merikebu, kila mmoja kabeba chakula kilichofunikwa, anamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wangu. Tangu saa hiyo mgeni alishukia kwa mwenyeji wake, akauza na kununua mbele yake, na biashara iliyofanywa bila mwenyeji kuwapo haikuhesabiwa kuwa biashara. Bandari zetu wenyewe ziliishi kwa desturi za namna hiyo. Majahazi yalipoletwa na kaskazi, mabaharia walikaa miezi wakingoja kusi iwarudishe kwao, na muda wote huo alikuwapo mtu wa kuwasemea kwa mji, na wa kuusemea mji kwao. Mgeni akidhulumiwa, mwenyeji aliulizwa. Mgeni akidhulumu, mwenyeji aliulizwa pia.

Sasa niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu, kwenye mkono mmoja wa bahari wa kisiwa cha Pate, mikoko huku na huku.

Yoti moja iliingia wakati wa alasiri, maji yamejaa, ikifuata ramani ya kwenye simu. Zilikuwa siku za bamvua. Mwenye kuyajua maji ya huku anajua kwamba bamvua ikijaa sana na kupwa hupwa sana. Baina ya maji kujaa na maji makavu tofauti hupita mita tatu. Wageni wakatia nanga, wakapika, wakakaa kutazama ndege. Baada ya Magharibi wakaanza kuhisi boti inainama. Walikuwa wamepwelewa. Dau letu lina tumbo pana, likikaa kwenye tope limekaa. Yoti ina mkuku mrefu unaoshuka chini kabisa, na maji yakiondoka inalala ubavu, na yakirudi yanaweza kumiminika ndani kabla haijapata nguvu ya kuinuka.

Watu walitoka kijijini na magadi, boriti za mikoko zile zile wanazoegemezea vyombo vyao wakati wa kupaka sifa, yale mafuta ya papa, na kutia kalafati. Wakaingia kwenye tope hadi mapajani. Chini ya kila gadi waliweka kipande cha ubao lisizame, na juu, pale linapogusa ubavu, wakaweka gunia lililokunjwa lisikwaruze rangi. Yule mama mgeni alishika taa, mumewe akawa anapokea kamba. Fundi mmoja mzee wa vyombo akawa anazunguka akigonga gadi moja moja kwa kiganja huku anasikiliza. Akifika kwenye lililolegea anasema, "Hili bado, tia kabari." Alilirudia moja mara tatu mpaka sauti yake ikamridhisha. Maji yalipofika chini kabisa, saa nne za usiku, boti ilikuwa imesimama wima juu ya tope kama msikiti mdogo. Kabla ya adhana ya Alfajiri maji yakarudi, ikaelea, wala haikuingia hata tone.

Asubuhi kijana ambaye usiku ule hakuwapo alipiga makasia hadi pale, akajitambulisha kuwa ndiye mwakilishi wa kijiji, akapewa pesa za asante. Wageni waliondoka wakiamini wamelipa fadhila. Fundi na wenzake hawakupata kitu, na hawakuuliza, maana mtu hasaidii chombo kilichopwelewa kwa ajili ya malipo. Lakini habari ilienea, na maneno yakaanza baina ya nyumba na nyumba, na hadi leo nikipita pale nasikia yakitajwa. Kisa kile hakikuhitaji sheria kubwa. Kilihitaji mtu mmoja wa kumwambia mgeni alasiri ile: hapa maji hayatakusubiri, sogea nje hadi kwenye kina, au kama umeshakwama, hawa ndio waliokuokoa, na huu ndio mfuko wao.

Tena kuna maji ya kunywa, na hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu wengi wenu mnakaa Amu, ambako visima hupata maji yaliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Huku mashariki vijiji vingi vinaishi kwa jabia. Mvua za masika zinaangukia sakafu pana iliyosakafiwa, zinateremka hadi kwenye birika, na maji hayo ndiyo ya kunywa mpaka mvua nyingine. Kaskazi ikishika, kuanzia Januari hadi Machi, kila nyumba ina kipimo chake, na anayeteka zaidi anaonekana.

Kaskazi moja yoti ilifika ikiwa na tangi tupu. Mgeni akaulizia maji kwa adabu kabisa, kijana akamuuzia mitungi, mmoja baada ya mwingine, akiivusha kwa mtumbwi. Mimi nilikuwa nashusha magunia ya unga pwani. Nilimwona mama mmoja amesimama kwenye jabia na ndoo yake, hasemi kitu, anatazama mitungi ya njano ikipita. Mwalimu mmoja wa shule akaja, akavuka hadi kwenye boti, akamweleza mgeni maji yale yametoka wapi na ni ya nani. Mgeni aliona haya mno. Alirudisha mitungi minne aliyokuwa hajaimimina, akaibeba mwenyewe hadi juu, akamwomba radhi yule mama kwa ishara za mikono. Ilikuja kujulikana kwamba botini anayo mashine ya kuchuja maji ya chumvi, ila hutumia mafuta mengi, naye alidhani maji ya kijijini ni ya kisima kisichokauka. Nani angemwambia?

Mgeni huyo hakuwa mtu mbaya. Karibu wote niliowaona si watu wabaya. Wanauliza, wanajitahidi kusalimia, wanavua viatu mlangoni wakiona wenzao wamevua. Wanatia nanga katikati ya mlango, yaani njia ya vyombo, kwa kuwa hawajui kwamba usiku madau yanarudi na tanga kutoka kuvua, wala hawajui kwamba dau lenye tanga moja kubwa halina wepesi wa kugeuka kama boti yao. Likimkuta mtu mbele yake kwenye mlango mwembamba halina pa kwenda. Wanarusha droni juu ya ufuo bila kujua kwamba upande ule ndiko akina mama wanakookota kombe wakiwa wamejifunga leso tu. Wanashuka Ijumaa saa sita na nusu na kushangaa kijiji kimenyamaza. Wanawapa watoto peremende, na mwezi unaofuata watoto wanawakimbilia wageni wengine wakidai. Hayo yote yanakwisha kwa mazungumzo ya nusu saa juu ya kikombe cha kahawa, ikiwa yuko wa kuzungumza nao.

Mtaniambia usalama. Nami nasema ndiyo, na usalama ndio sababu yangu kubwa.

Hakuna kati yetu aliyesahau mwaka 2011. Septemba mgeni aliuawa na mkewe akatekwa kwenye hoteli ya upande wa Kiwayu. Oktoba mama wa Kifaransa akatekwa Manda usiku, naye akafia mikononi mwa waliomteka. Baada ya hapo milingoti ilitoweka. Hoteli zilifunga, mabaharia wa mashua za kutembeza watalii wakarudi kwenye nyavu, na wavuvi nao wakakatazwa kuvua usiku kwa miaka. Juni 2014 likaja shambulio la Mpeketoni. Tulilipa sisi, tena tulilipa kwa samaki tusiowavua. Mashirika ya meli yalipoiondoa Bahari ya Hindi kwenye orodha yao ya maeneo ya hatari, tarehe 1 Januari 2023, kwetu ilikuwa habari ya sebuleni kwa siku kadhaa, na ndipo milingoti ikaanza kurudi mmoja mmoja.

Kwa hiyo nikiona yoti imelala peke yake mbele ya kijiji, hakuna ofisi inayojua imelala wapi na hakuna mwanakijiji aliyekabidhiwa, moyo wangu hautulii. Doria ina haki yake ya kujua ni nani yuko kwenye maji yetu. Lakini nimeona doria ikifika saa nane za usiku na taa kali, wageni wamekurupuka usingizini wanatetemeka, wanatafuta pasi huku hawaelewi wanaulizwa nini. Mwenyeji angekuwa amekwisha tuma ujumbe tangu jioni: jina la boti, bendera yake, watu wangapi, wamelala wapi, wanaondoka lini. Ujumbe mmoja, kwa nambari moja, usomwe na nyote: forodha, uhamiaji, walinzi wa pwani, KWS. Na macho ya kijiji yangekuwa juu ya boti ile usiku kucha, maana mgeni aliyekabidhiwa kwa mtu ni amana. Wavuvi wetu wanajua kila chombo kinachopita baina ya Ndau na Kiunga, kwa tanga lake na kwa sauti ya injini yake. Mkiwashirikisha hamtahitaji kumwamsha mtu kwa taa.

Pesa nazo zina maneno. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, ada inajulikana ni ya nani na risiti yake ipo, sina neno hapo ila ombi moja: vijiji vilivyomo viambiwe hadharani kila mwaka kilichokusanywa na kilichorudi kwao. Nje ya hifadhi ndiko kwenye giza. Nimewahi kumsindikiza mgeni, akaja mtu amevaa fulana ya kazi, akadai ada ya nanga. Nikamwomba risiti. Akanitazama, akapunguza bei. Mgeni akalipa kwa kuogopa, nami nikanyamaza kwa sababu kesho nitakutana na mtu yule tena. Ofisi yake siitaji. Nataka tu iwepo ada moja ya kutia nanga kijijini, ibandikwe kwenye ubao wa gati, ilipwe kwa risiti yenye nambari, iingie kwenye akaunti ya BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, ya pale pale, na itumike kwa mambo ambayo kila mtu atayaona: kusafisha jabia kabla ya masika, kutengeneza ngazi za gati, mafuta ya boti ya kumkimbiza mgonjwa hospitali. Kamati za BMU zina kanuni zake tangu mwaka 2007. Hatuombi chama kipya wala ofisi mpya.

Kuna na jambo la chini ya maji. Nyororo ya nanga haikai mahali pamoja. Upepo ukigeuka na maji yakigeuka, boti inazunguka, na nyororo inafagia duara zima la nyasi za bahari. Nyasi zile ndizo malisho ya kasa, na ndizo malisho ya nguva, ambaye siku hizi hata wazee wanahesabu miaka tangu wamwone mara ya mwisho. Tafi na changu wadogo wanakulia humo humo. Kijiji kinajua mchanga mtupu uko wapi. Mvuvi wa madema atakuonyesha hata usiku. Tieni maboya ya kufungia mawili matatu mahali atakapoonyesha yeye, kwenye kina cha kutosha na nje ya njia ya madau, na hakuna mgeni atakayekataa kufunga kamba badala ya kuhangaika na nanga. Boya bila mwenyeji litakuwa chuma cha kuibwa. Likiwa na mwenyeji litachunguzwa kamba yake kila mwezi.

Najua mnafikiria pia kufundisha vijana kuwa marubani wa kuingiza boti hizi. Iwapo ndivyo, waanze na wazee. Mafungu yetu yanahama. Mlango uliopita mwaka juzi huenda mwaka huu umeziba, na Mkanda penyewe, ule mlango baina ya Manda na bara, si pa kuaminiwa na chombo cha mkuku mrefu ila maji yakiwa yamejaa. Elimu hii iko vichwani mwa watu ambao wengine wamevuka miaka sabini. Cheti ni kizuri, nami nitafurahi kuwa nacho, lakini anayetoa cheti kwanza akae omoni na mzee mmoja toka Faza mpaka Ndau, maji yakipwa.

Naandika mapema, kabla mambo hayajawa makubwa, kwa sababu tumekwisha ona yanavyokuwa pale tunapoitwa mwishoni. Bandari ya Lamu ilipojengwa Kililana, wavuvi walilalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo, wakaenda mahakamani. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliwapa haki, na kuamuru wavuvi zaidi ya elfu nne wafidiwe shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Gati lilitangulia, na samaki wa Ghuba ya Manda hawakungoja karatasi. Hapa ninazungumzia vyombo vidogo, watu wawili na paka wao, na tunao wakati wa kukubaliana kabla ya mtu wa mbali kuja na mpango wa kujenga maegesho ya yoti na kuweka uzio ufuoni.

Wapo wenzangu wanaosema tusiwape nafasi kabisa, waishie Shela. Nimewasikiliza, na nina heshima kwa hofu yao. Wana mabinti, na wameona Shela ilivyonunuliwa nyumba kwa nyumba. Lakini bahari haina mlango wa kufunga. Boti zitakuja, na bora zikute utaratibu wetu kuliko kuja na wao. Tena ipo faida ya kweli. Mgeni wa boti halali hotelini, ananunua samaki kwa mvuvi, chapati kwa mama aliyezipika, mkeka kwa aliyeusuka, na hakuna wakala katikati. Anakuja na vifaa vya kushona tanga, na mara nyingi anajua kutengeneza injini. Niliwahi kumwona mmoja amekaa na fundi wetu chini ya mwembe mchana mzima wakibishana kwa vidole kuhusu namna ya kuunga mlingoti uliopasuka, na mlingoti ule bado unasafiri.

Basi ninaomba kikao, kabla ya mwezi wa Novemba, kabla pepo za matlai hazijatulia na kaskazi haijashika. Kifanyike Faza au Kizingitini, siku isiyo Ijumaa, baada ya sala ya Alasiri ili wavuvi wawepo, na akina mama waitwe wenyewe kwa kuwa jabia ni lao kuliko letu. Mje na mtu mwenye mamlaka ya kutia saini. Nasi tutakuja na majina ya wenyeji ambao kila kijiji kimewapendekeza, wawili kwa kila kijiji, mmoja wao mwanamke, pamoja na mchoro wa pale tunapotaka maboya. Nauli ya mashua yangu siku hiyo ni bure kwa kila afisa atakayekuja, na tutaondoka Amu saa tano asubuhi.

Wenu katika ujenzi wa pwani yetu,

Nahodha wa mashua ya abiria,
Lamu Mashariki